Maadili Matatu ya Fundi Wangila

Jumatatu, 3 Machi

Nina hasira. Wambua, seremala mwenzangu, yuko kibanda cha pili kutoka changu hapa Kianda miaka minane sasa, hana hata kipande cha karatasi mlangoni, na watu wanamjia tu. Eti wanaenda "kwa Wambua". Mimi nimeandika nambari yangu ya simu mlangoni mara mbili na bado wateja wananiuliza Wambua ameenda wapi.

Lakini dawa nimepata. Jumamosi nilikuwa kwenye semina Kawangware. Mkufunzi anaitwa Alvin, kijana wa suti ya samawati. Alisema fundi asiye na chapa yake ni kama hayupo. Chagua maadili matatu, watu wayaone kabla hawajakuona wewe. Nimechagua. UAMINIFU. KUTUNZA MUDA. UNYENYEKEVU. Wambua hana hata moja lililoandikwa.

Jumanne, 4 Machi

Mama Kageha, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi kanisani kwetu, ameniletea mbao za mahogani. Anataka mimbari mpya, itumike Jumapili. Ikipendeza, mabenchi yote ya kanisa ni kazi yangu. Ikiharibika, atampa Wambua. Alisema hayo Wambua akisikia, naye akaendelea kupiga randa bila kuinua kichwa. Ujeuri!

Mke wangu Nasipwondi amesema mabenchi hayo ni chakula cha mwaka mzima, nianze leo. Haelewi mpangilio. Kwanza chapa, halafu kazi.

Jumatano, 5 Machi

Katika zile mbao kuna ubao mmoja mpana, wa uso wa mimbari. Safi kabisa. Niliutazama asubuhi yote nikaona bango. Nimechonga maadili yangu kwa patasi, herufi za kuzama, na chini: FUNDI WANGILA, HAKUNA MWINGINE KAMA YEYE. Sikutaka rangi. Rangi hufutika.

Mama Kageha alipiga simu kuuliza mimbari. Nikamwambia imebaki vanishi tu. Kila fundi husema hivyo, na mteja anajua hivyo. Ila kusema kweli sikuwa nimekata hata mguu.

Alhamisi, 6 Machi

Bango liko juu ya mlango. Mwanamke mmoja alisimama akalisoma lote, neno kwa neno. Nikasogea karibu. Akaniuliza kama Wambua yupo.

Halafu Wambua mwenyewe akaja, akalipapasa, akauliza polepole, "Wangila, na hii si mbao ya kanisa?" Nikamwambia ashughulike na viti vyake. Nilikasirika, msumeno sikuugusa tena. Nikaenda kupigwa picha chini ya bango, nimekunja mikono. Siku ikaisha.

Jumamosi, 8 Machi

Jana na leo sijapumzika. Mimbari imesimama, miguu imara, juu panapendeza. Imekosa uso tu. Nimetembea Mashimoni yote, nikapita mtaa wa Raila, kila mahali wananionyesha saiprasi nyeupe. Mahogani hakuna.

Nimeshusha bango. Nimeligeuza, maandishi yakaenda ndani, upande laini ukatazama nje. Msasa, vanishi, inang'aa. Hakuna mtu atakayejua. Nasipwondi ameuliza Pasta huwa anasimama upande gani. Nimemwambia aache kunivunja moyo.

Jumapili, 9 Machi

Ilianza vizuri. Mama Kageha aliipapasa mimbari akanitabasamia. Nikaanza kuhesabu mabenchi yangu kichwani.

Pasta akafungua Biblia, akainama kuweka chupa yake ya maji kwenye rafu ya ndani. Hakuinuka. Nikadhani anaomba. Kumbe anasoma. Akawasha maikrofoni akalisomea kanisa zima: uaminifu, kutunza muda, unyenyekevu, Fundi Wangila, hakuna mwingine kama yeye. Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka.

Mama Kageha akasimama palepale akauliza maneno hayo yalichongwa kwenye mbao ya nani. Nikasema ni masalio. Akasema ubao ule alinunua mmoja tu. Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Wambua alikuwa benchi la nyuma na hakucheka. Hilo ndilo siwezi kumsamehe.

Jumatatu, 10 Machi

Mabenchi amepewa Wambua. Nasipwondi hajanisemesha tangu jana, ameenda kwa dada yake na sufuria kubwa. Nina hasira na Wambua. Nina hasira na Pasta, mtu mzima, hawezi kuhubiri bila maji?

Mchana Mama Kageha ameleta ubao mpya. Nitoe ule wenye maneno, niweke huu, kabla ya Ijumaa. "Wangila, ungenyamaza tu ufanye kazi," akasema. "Bado watu wangekuja."

Nimempigia Alvin. Amenifungua macho. Kosa langu ni kwamba maadili yalikuwa mengi, watu wamechanganyikiwa. Nichague moja. Nimechagua: KUKUBALI MAKOSA. Hapo Wambua hawezi kunifikia, hajawahi kukosea.

Huu ubao mpya ni mzuri kuliko ule wa kwanza. Mpana zaidi, hauna fundo hata moja. Nimeupima, maneno yanaenea vizuri, na jina langu chini yake. Patasi nimeinoa. Mama Kageha akipiga simu, imebaki vanishi tu.