Chuo cha Pondo cha Minjila

Ifahamike kwa watu wote wa Mto Tana, wa ng'ambo hii na wa ng'ambo ile, kwamba kuanzia mwezi wa kwanza wa mwaka 1903 hakuna mtu atakayejua kuendesha mtumbwi mpaka afundishwe. Anayejua sasa hivi anaombwa aache.

Tangazo hilo niliandika mimi mwenyewe, Swaleh wa Kipini, karani wa boma la Garsen na katibu wa Kamati ya Kulinganisha Mafunzo na Mahitaji ya Waajiri. Nalisoma mpaka leo na sioni kasoro. Wapo wanaosema nilitia chumvi. Watu hao hawajawahi kuwa makatibu wa kitu chochote.

Nieleze kwanza tatizo lilikuwa nini. Hapakuwa na tatizo. Wapokomo walikuwa wakivusha watu tangu mto upate maji, mtoto akifundishwa na mjomba wake, na mjomba na mjomba wake, wala hapakuwa na karatasi hata moja baina yao. Bwana Msimamizi wetu, kijana wa Kizungu aliyekuwa na miezi minne Tana na ameshauelewa mto wote, alikosa raha kwa jambo hilo. Aliniambia kwamba watu wanafika ng'ambo, sawa, lakini serikali haijui wamefikaje.

Kamati ikaundwa siku hiyo hiyo. Bwana alikuwa mwenyekiti, mimi katibu, na kiti cha tatu tulikiacha wazi kwa heshima ya wananchi. Kiti hicho hakikupinga hoja hata moja. Asiyekuwepo na lake halipo.

Tulianza kwa kuwauliza waajiri wanahitaji nini. Waajiri walikuwa wawili. Wa kwanza ni boma, yaani Bwana, naye alihitaji watu wanaosimama wima. Wa pili ni Mzee Bonaya, mnunuzi wa ngozi, ambaye alisema anataka mtu wa kuvusha ngozi zake bila kuzilowesha, tena anayejua viboko wanakolala. Nikaandika: "Waajiri wanahitaji unyoofu, ukavu na elimu ya wanyama." Bwana alisema hajapata kuona mahitaji yaliyoelezwa wazi namna hiyo.

Mtaala ulifuata wenyewe. Ngazi ya kwanza ni Chuo cha Pondo, miezi mitatu, mwanafunzi afundishwe kushika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Ngazi ya pili ni Chuo Kikuu cha Maji, huko Lamu. Chuo hicho kilikuwa hakijajengwa, lakini njia ya kukiendea tulikuwa tumeshaipanga. Ngazi ya tatu ni kazi. Mtu alitoka ngazi hadi ngazi bila kujikwaa, kwenye karatasi.

Chuo cha kwanza tulikiweka Minjila, uwandani, mbali na mto. Wapo waliouliza kwa nini. Bwana aliwajibu kwamba mtoni kuna maji, na maji huwachanganya wanaoanza. Mtumbwi mpya ukaburutwa hadi pale, ukawekwa juu ya mchanga, ukapakwa mafuta ukang'ara, ukakaa juani mbele ya darasa ili wapita njia wauone.

Kuhusu wanafunzi, Bwana aliwakataa Wapokomo wote kwa pamoja. Alisema wameharibiwa na mazoea. Alitaka watu safi, wasio na tabia yoyote ya mtoni. Kwa hiyo tukachukua vijana kumi na wawili wa Kiorma, wachungaji, watu ambao wakilazimika kuvuka mto hushika mkia wa fahali na kufumba macho. Kila mmoja alipewa shuka. Kiranja wao alikuwa Galgalo, kijana mrefu mpole ambaye nilipomuuliza kama amewahi kupanda mtumbwi alinijibu, "Hapana. Na sitaki." Bwana alimwandika wa kwanza.

Nisiwe mchoyo wa sifa, vijana walijituma. Baada ya mwezi mmoja Galgalo alikuwa akipiga pondo mchangani mpaka vumbi linafika Tarasaa. Mtumbwi haukusogea hata kidogo, jambo ambalo Bwana alilisifu kuwa ni utulivu wa hali ya juu.

Sasa nimtaje Bi Mashavu, maana bila yeye ripoti hii ingekuwa fupi na nzuri.

Mashavu alikuwa na kivuko cha Garsen. Mtumbwi wake ulichongwa na marehemu baba yake, na kwa mtumbwi huo alikuwa amevusha watu miaka kumi na miwili, akajilisha yeye na mama yake Kibibi, bibi aliyekuwa haoni tena. Hawakuwa na shamba wala mume wala mjomba. Na kanuni ya sita, ambayo niliitunga asubuhi moja nikiwa na furaha, ilisema kwamba siku ya mahafali mtumbwi wa kila asiye na cheti utakabidhiwa mhitimu. Wa kwanza kwenye orodha ulikuwa wa Mashavu, na mhitimu wa kwanza angekuwa Galgalo.

Alikuja bomani kuomba nafasi chuoni. Roho iliniuma, sitaficha. Nilimvuta kando nikamnong'oneza kwamba akitaka kuingia, asijue kitu.

Mahojiano yalianza vizuri mno. Bwana alimuuliza kama anajua mtumbwi ni nini.

"Nimesikia watu wakiutaja," alisema Mashavu.

"Na Mto Tana?"

"Uko upande gani, Bwana?"

Bwana alinitazama kwa furaha ya mtu aliyeokota almasi. Akampa pondo, naye Mashavu akalishika juu chini, kama alivyotakiwa. Akapandishwa kwenye mtumbwi wa mchangani, akajifanya anaogopa. Mambo yalikuwa yameiva. Ndipo Bwana akajikwaa kwenye ubavu wa mtumbwi na chombo kikayumba. Kabla mtu hajapepesa jicho, miguu ya Mashavu ilikuwa imetanuka, pondo limegeuka na kuchomwa ardhini, mtumbwi umetulia, na Bwana ameshikwa ukosi asianguke. Mikono ilikuwa imemsaliti.

Niliandika kwa masikitiko: "Mwombaji ameharibiwa na ujuzi. Hafundishiki." Bwana akatia saini.

 Mashavu alipitisha kiganja kwenye ubao wa ule mtumbwi unaong'ara, akasema, "Bwana, mtumbwi hauanikwi. Hulazwa majini, au kivulini. Huu mnaukausha, utapasuka." Bwana aliniambia niongeze kwamba mwombaji ana mdomo vilevile.

Mahafali yalipangwa mwezi wa nne. Mgeni rasmi alikuwa Bwana Mkubwa, mkuu wa Bwana wetu, aliyekuwa akija kwa njia ya Witu kuona chuo ambacho sifa zake zilikuwa zimemfikia kwa barua zangu. Alifika asubuhi, akasimama ng'ambo ya pili na wapagazi wake na kiti chake cha kukunja. Mto nao ulikuwa umefika. Mvua za juu zilikuwa zimeuleta ukiwa mwekundu, umebeba migomba na banda zima la kuku.

Ratiba ilikuwa hivi. Galgalo atamvusha Bwana Msimamizi, pamoja nami na sanduku la vyeti, kwa mtumbwi wa chuo, kwenda kumpokea mgeni. Tukigusa ng'ambo tu, Galgalo ni mhitimu, na mtumbwi wa Mashavu ni wake. Mashavu alikuwa amesimama kando ya chombo chake, mama yake amekaa ndani ameshika ukingo kwa mikono miwili. Wapokomo wote wa Garsen walikuja kutazama. 

Galgalo alisimama wima. Alichoma pondo kwa nguvu zote alizofundishwa. Mchanga wa Minjila haukuwahi kumeza pondo, ila tope la Tana ni jingine kabisa. Pondo lilibaki pale, sisi tukaenda. Tulizunguka mara tatu, Bwana akitoa amri mpya kila mzunguko, na katikati ya mto mtumbwi ukalia krrra. Ukapasuka kuanzia omo, yaani ncha yake ya mbele, hadi nilipokalia mimi.

Tulitupwa kwenye fungu la mchanga lenye ukubwa wa jamvi. Galgalo alinikumbatia, mimi nikakumbatia sanduku. Maji yalikuwa yakipanda. Kiboko alitoa kichwa, akatutazama mmoja mmoja, akazama tena. Bwana peke yake alibaki amesimama wima, kama mahitaji ya waajiri yalivyoeleza.

Akamwita Mashavu kwa sauti. Mashavu alimshusha mama yake ukingoni, akaja, na hatua chache kabla ya kutufikia akaushikilia mtumbwi wake kwa pondo moja, maji yakipita huku na huku, naye hayumbi.

"Tupakie," alisema Bwana.

"Siwezi, Bwana. Sina cheti. Kuvusha abiria bila cheti ni jela miezi mitatu, mimi na abiria. Karani alisoma mara mbili pale gulioni."

Nilithibitisha kwamba ni kanuni ya tisa. Bwana alinitazama kwa namna isiyolingana na cheo chake. Akasema anampa cheti sasa hivi, sanduku hili hapa. Ilinibidi nimkumbushe kwamba mwombaji ameshatangazwa hafundishiki, kwa saini yake mwenyewe, na uamuzi huo hauwezi kutenguliwa ila na Chuo Kikuu cha Maji. Maji yalikuwa magotini. Bwana alisema maneno ambayo sikuyaingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

"Karani," alisema Mashavu, "kanuni inasema abiria. Vibarua je?"

Nilifikiri. Kanuni zote nilikuwa nazijua kwa moyo, maana ni zangu. Hakuna palipokatazwa mwenye chombo kuwabeba vibarua wake na mizigo yake. Nikamwambia hivyo.

"Basi mimi ni mwajiri," alisema, "na nina mahitaji. Mto umechafuka, maji yanaingia mtumbwini, nataka mtu wa kufua maji, ayachote ayamwage nje. Bwana, umewahi kufanya kazi hiyo?"

"Sijawahi."

"Vizuri. Hujaharibika."

Bwana alitazama ng'ambo alikosimama mkuu wake, akatazama maji, akatazama mahali kiboko alipozamia. Akasema anaikubali kazi.

"Jambo moja," alisema Mashavu. "Kibarua hachukui chombo cha mwajiri wake. Si leo, si siku ya mahafali. Useme kwa sauti, watu wasikie."

Akasema kwa sauti. Kutoka ukingoni nilimsikia Bi Kibibi akicheka, na baada yake Garsen nzima.

Galgalo aliajiriwa kuangalia viboko, kazi iliyomfaa, maana macho ya mchungaji hayapotezi mnyama. Kisha Mashavu akanigeukia mimi. "Wewe Karani unajua nini?"

"Kuandika."

"Basi wewe ni mzigo. Kaa katikati usitikisike."

Bwana alipewa kibuyu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa mara ya kwanza tangu afike Tana, Bwana aliinama. Mashavu alimfundisha huku akipiga pondo, bila darasa wala mtaala. Alimwambia achote chini zaidi, amwage upande mto unakoelekea, asimmwagie Karani. Hilo la mwisho alilisahau mara kwa mara. Tuligusa ng'ambo salama, mbele kabisa ya kiti cha Bwana Mkubwa.

Bwana Mkubwa hakuuliza kwa nini tumelowa. Alikuwa mtu wa ripoti, na ripoti yake ilipaswa kwenda Mombasa wiki hiyo. Aliuliza mambo mawili tu. Wangapi wamefuzu chuoni, na wangapi wamepata mwajiri?

Mimi ni katibu mwaminifu. Nilijibu kwamba waliofuzu hakuna, kwani mtahiniwa, chombo na pondo vyote viliachana kabla ya mtihani kwisha. Walioajiriwa ni wawili, na kati yao aliyefundishwa kazi mpya kabisa, kwa kulingana barabara na mahitaji ya mwajiri, ni mmoja.

"Nani huyo?"

Nilimwonyesha. Bado alikuwa na kibuyu mkononi.

Bwana Mkubwa alimtazama, kisha akamuuliza Bi Mashavu, kwa adabu anayostahili mwajiri, kijana anaendeleaje.

"Anajifunza," alisema Mashavu. "Akikaa na mimi masika haya yote, ataweza."

Amri iliandikwa pale pale, nami ndiye niliyeiandika. Kwa kuwa Kamati imetumia miezi mitatu na imepata mtu mmoja tu aliyelingana na kazi, mtu huyo asiondolewe kazini mpaka maji ya mto yapungue. Waorma walirudi kwa ng'ombe wao wakiwa na shuka mpya. Mimi nilirudi bomani, nikawa nasaini kwa niaba ya Bwana.

Kila asubuhi Bwana aliteremka kivukoni na kibuyu chake, na Bi Kibibi, asiyeona, alimtambua kwa mlio wa buti zake na kumwambia amechelewa. Mwezi wa sita nilimwandikia Bi Mashavu barua rasmi, nikimwombea Bwana cheti. Alinifanya nimsomee mara mbili. Kisha akamwita Bwana, akamgeuza viganja, akavitazama, akaniambia bado.