Heshima ya Kukataa Mara Tatu

Jumatatu, 13 Mei

Habari njema: magoti ya Mzee Ugaki yamegoma. Namwonea huruma, bila shaka. Lakini leo ofisini ametangaza kwamba Jumamosi, kwenye mkutano mkuu, anaachia uenyekiti wa chama chetu. Chama chenyewe kidogo: tunachangisha hapa Tottori, Japani, tunachimba visima Laos. Makamu ni mimi, mwaka wa kumi na moja huu. Sijaona kisima hata kimoja. Kila safari ikifika inaonekana lazima mtu mwenye busara abaki kupokea simu, na mwenye busara huwa ni mimi, Isogai.

Novemba mwenyekiti mpya anakwenda kufungua kisima kingine. Nataka kwenda. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu: naitaka safari ile mpaka naiota usiku.

Mpinzani ni mmoja tu, Bi. Orimoto, katibu, mwenye duka la tofu, ile jibini ya soya. Mzaliwa wa Osaka. Watu wa huko husema wanachofikiri, tena mchana kweupe.

Jumanne, 14 Mei

Mkakati. Mtu mwenye adabu zake hadaki cheo. Anakataa mara ya kwanza, anakataa ya pili, ya tatu anakataa kwa shida, kisha anainamisha kichwa na kusema kama hakuna jinsi, basi. Anayekubali papo hapo ni mlafi. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. "Mimi sistahili" inanitoka vizuri mno, hasa nikishusha mabega.

Mke wangu Chizuru alipita na kikapu cha nguo akauliza, Baba, unagombana na nani humo? Nikamweleza. Akasema kama nautaka uenyekiti si niseme tu nautaka. Miaka yote hii ya ndoa, kumbe naishi na mtu asiyejua siasa.

Jumatano, 15 Mei

Bi. Orimoto ameanza kampeni, bila aibu. Nimemwona kwenye baiskeli akipeleka tofu kwa wanachama, nyumba hadi nyumba. Chizuru anasema hiyo ndiyo kazi yake, hupeleka kila Jumatano. Ndivyo wanavyoanza.

Nimejibu mapigo. Maandazi ya maharage matamu, boksi moja kila nyumba, nikijifanya yalituzidi tu. Kumbe Bi. Sawatari ana kisukari. Mzee Kajitani akanipa majani ya chai ya bei kubwa kuliko maandazi yangu, ikabidi nimrudie na tikiti maji. Naye hakukubali kushindwa, akanifuata nyumbani na chupa ya sake, pombe ya mchele. Kesho zamu yangu tena. Uenyekiti hakuutaja mtu.

Alhamisi, 16 Mei

Bi. Orimoto kanikamata kwenye birika la ofisini. Akaniuliza usoni, Bwana Isogai, huu uenyekiti unautaka au huutaki? Kama nautaka ataniunga mkono yeye mwenyewe, akauze tofu zake kwa amani.

Mtego wa kitoto. Nikashusha mabega, nikasema mimi sistahili. Akauliza, kweli? Kweli kabisa. Akashusha pumzi, akasema basi, pole, hakujua. Nilirudi mezani kwangu nikipiga mluzi.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempeleka Mogami, mweka hazina na rafiki yangu tangu shule, kula samaki mkunga wa kuchoma juu ya wali. Kazi niliyompa ni nyepesi: nikishakataa mara ya pili, asimame aseme bila Isogai chama kitakufa. Hapo nakataa ya tatu kwa shida, na mambo yanaisha.

Mogami ana moyo mwepesi, hulia hata kwenye matangazo ya bima. Akauliza kwa nini nisikubali tu. Nikamwambia ale. Akala na cha kwangu.

Jumamosi, 18 Mei

Ukumbi wa mtaa. Viatu mlangoni, chai mikononi. Mzee Ugaki akanitaja. Kukataa kwa kwanza kulikwenda vizuri kuliko kwenye kioo, watu walitikisa vichwa kwa heshima. Akaniomba tena. Hapo nikaongeza kidogo ambacho hakikuwa kwenye mazoezi: mgongo, presha, usingizi usiokuja. Sauti ikatetemeka yenyewe. Nikasikia mtu nyuma anapenga kamasi. Mogami.

Akasimama, machozi yanamtiririka. Akasema jamani, huyu ni rafiki yangu na sikujua kama anaumwa hivi. Tukimbebesha mzigo huu tutamzika. Bi. Orimoto akadakia kwamba ni kweli, Alhamisi kaniuliza kwa roho safi, nikamkatalia, waniache nipumzike. Wakapiga makofi. Makofi ya huruma, kwangu mimi. Mtu akaniletea mto wa kuegemea.

Mzee Ugaki akamgeukia yeye: je, mama, wewe? Akasema haya, nitafanya. Papo hapo. Kichwa hakuinamisha hata kidogo. Mlafi yule, na bado wakampigia makofi marefu zaidi.

Kukataa kwa tatu bado ninako mdomoni.

Jumapili, 19 Mei

Sikutoka. Nimelia bafuni, nimefungulia bomba ili Chizuru asisikie. Cheo wangekaa nacho. Nilitaka kuona maji yakitoka kwenye kisima, nisimame pale na mimi, hilo tu.

Jioni akaja Bi. Orimoto na tofu ya moto. Akasema safari ya Novemba ina nafasi ya watu wawili. Mwenzetu wa Laos, Bwana Bounthavy, kamwambia kwenye simu kwamba kule kijijini kila mwaka wanauliza: yule Isogai wa kwenye barua ni mtu au ni muhuri tu? Kwa hiyo, akasema, kama mgongo utaruhusu, twende wote.

Nilijisikia kumkumbatia mwanamke yule. Wananiulizia mimi! Nikashusha mabega, nikasema mimi sistahili.

Akanitazama sana. Akauliza, kweli? Nikasema kweli kabisa, wapo wanaofaa zaidi. Akasema basi, pole, akavaa viatu akaenda. Huko jikoni Chizuru aliangusha kifuniko cha sufuria.

Mbili tayari. Bado moja.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeshusha sanduku la safari kutoka juu ya kabati. Bi. Orimoto hajaniuliza ya tatu. Anavuta muda, ndivyo inavyotakiwa. Hata watu wa Osaka wanafundishika.

Asubuhi Mogami kapiga simu, furaha tele, anauliza Novemba Laos kuna mbu kiasi gani, na mtu wa umri wetu achomwe chanjo zipi. Nimemweleza yote, hata nguo za kubeba. Kasema asante mara tatu. Nimeguswa sana. Baada ya aliyonifanyia Jumamosi, bado rafiki yangu ananiwazia afya kiasi hiki.