Vidole Viwili kwa Ajili ya Foklifti

Jumatatu, 2 Juni
Foklifti, ile mashine ya kubebea magunia, imetimiza mwezi ghalani. Mwezi tu! Tulikuwa wabebaji kumi na wawili wa magunia ya kahawa, mimi Manase nikiwa kapita, msimamizi wao. Tumebaki watatu, tunafagia. Kabla yake tulibeba kwa wimbo. Kastori akianzisha, sisi tukiitikia, hata masista wa Mushasha walisimama barabarani kusikiliza. Foklifti inaimba nini? Piii, piii.

Jumanne, 3 Juni
Nimepata mpango. Ikimgonga mtu, itaondolewa. Kwa hiyo inigonge mimi, kidogo tu. Nimefanya mazoezi ya kuanguka sebuleni. Mke wangu Klara kauliza kama nimeshikwa na kifafa.

Jumatano, 4 Juni
Nilijilaza kando ya magunia, mguu nje. Husni, dereva wa foklifti, akasimama hatua tano mbali. "Mzee Manase, we toka hapo! Mi naona mguu yako!" Ana macho ya mwewe. Aibu!

Alhamisi, 5 Juni
Nimefaulu. Ole wangu! Niliusogeza mguu Husni akirudi kinyumenyume. Vidole viwili vimevunjika. Kilio nilichokifanyia mazoezi hakikutoka. Kilitoka kingine kabisa. Husni alinibeba mgongoni hadi hospitali, akilia kunizidi. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 6 Juni
Bosi, Madamu Adventina, kaja kunipa pole. Foklifti inabaki. Anayefukuzwa ni Husni! Ikabidi niseme mguu niliuweka mwenyewe. Madamu alinitazama kama gunia lililooza. Husni karudishiwa kazi. Mimi nimepewa onyo la maandishi, kwa Kifaransa.

Jumapili, 8 Juni
Wamekuja kunijulia hali, wabebaji wenzangu walioachishwa kazi! Kastori kafunga safari tangu Mwakiro, Muyinga, na mkungu wa ndizi. Nazario katoka Ryansoro. Saba kwa jumla, wote wazee, magoti yanalia. Kastori akaanzisha wimbo, tukaitikia, majirani wakajaa mlangoni. Husni alisimama nyuma yao akipiga makofi. Nililia, na vidole havikuhusika.

Jumatatu, 9 Juni
Wameondoka. Nyumba kimya. Klara kanitaka niape sitarudia upuuzi huu. Nimeapa, kwa mguu.
Vidole viwili vimeleta watu saba. Mkono mzima je?