Gego la Mwenyekiti wa Maamuzi

Ifahamike kwa wote kwamba kuanzia muhula ule, hakuna mwanafunzi wa meno katika chuo kimoja cha Iowa aliyeruhusiwa kuamua jambo kichwakichwa. Iliundwa Kamati ya Kusimamia Maamuzi, na wa kwanza kusimamiwa akawa Marlys Haugen wa mwaka wa tatu: aishie kwenye udaktari wa meno, au auunganishe na uzamivu wa utafiti, atoke chuoni na shahada mbili na mvi?

"Miaka minane!" mama yake alifoka kwenye simu, ng'ombe wakilia nyuma yake. "Mwanangu, meno yenyewe hayafiki hata arobaini! Unatafiti nini muda wote huo?"

Marlys alipenda kutibu watu. Alipenda pia kujua kwa nini wanaumwa. Usingizi ulimpaa.

Mwenyekiti wa kamati, Profesa Brandvold, alikuwa na shahada zote mbili, na hakuwa ameona mdomo wa binadamu tangu apandishwe cheo.

"Kamati imepokea kutoamua kwako kwa furaha," alisema akitafuna bisi. "Tutaunda kamati ndogo ya... yalaa!"

Gego lilikuwa limepasuka.

Maprofesa wenzake wawili wa kamati wakamzunguka.

"Tusikurupuke," alisema Profesa Lindquist. "Jino moja si ushahidi. Tupate la pili lililovunjika, tulinganishe." Akamtazama Profesa Oakes, ambaye aliziba mdomo wake kwa mikono miwili.

"Ling'oeni, jamani!" alilia mwenyekiti.

"Nani? Mimi ni mtu wa kutafiti panya," alisema Lindquist.

"Na mimi ni wa kutafiti mate tu," alisema Oakes.

Marlys akainuka. "Profesa, twende kliniki."

Akamchoma ganzi, akashika koleo, akatikisa taratibu. Gego likatoka. Brandvold akatokwa machozi ya shukrani.

Marlys hakulitupa. Aliligeuzageuza kwenye mwanga. Ufa ulikuwa umepita kwa kukingama, mahali ambapo jino halipaswi kupasuka.

"We, mbona umepita huku?" akauuliza ufa. Moyo ukamdunda. Akalitia jino kwenye kichupa.

"Nimeamua," alisema. "Nasoma zote mbili."

"Jino langu!" alibwabwaja Brandvold kwa ulimi uliokufa ganzi. "Nalitaka!"

"Kulitaka ni uamuzi, mheshimiwa," Oakes alimkumbusha kwa upole. "Lazima upite kamatini."

"Mwenyekiti ni mimi!"

"Ndiyo maana huwezi kuketi kwenye shauri lako. Na bila mwenyekiti, hakuna kikao."

Wakamwonyesha benchi la wanafunzi, nje ya mlango. Akakaa, shavu limevimba, akisubiri ajiite mwenyewe kikaoni.