Tanki la Angani na Harusi ya Marlys

Titusville, Florida
Jumatano asubuhi

Kwa Bwana Strickland,
Mkuu wa Idara ya Mafuta ya Angani

Bwana Mkuu,

Salamu, na hongera kwa kazi. Mimi ni Loretta Tolliver, mke wa Vernon, yule fundi wako wa matangi. Najua una shughuli nyingi huko juu, lakini kuna mambo ya huku chini yamenifika shingoni.

1. Mume wangu anaweka mafuta angani ili roketi za safari ndefu zijaze njiani. Vizuri sana. Gari letu je? Ijumaa lilinizimikia katikati ya daraja, nina ndoo ya kamba wabichi, barafu inayeyuka, na nyuma yangu honi tupu. Nikampigia. Akanijibu, "Mama Marlys, si ungeangalia mshale wa mafuta?" Jamani! Mtu anaona tone likivuja kilomita mia nne juu, mshale wa gari lake haoni.

2. Amenielimisha kwamba mafuta hayo ni ya baridi kali, yakipigwa jua kidogo tu yanachemka na kupotea. Asante kwa elimu. Sasa friji yangu imevishwa blanketi la kung'aa, na nikiifungua kutafuta siagi napigiwa kelele: "Funga, joto linaingia!"

3. Hapa sicheki tena. Binti yetu wa pekee, Marlys, anaolewa Jumamosi saa tisa. Nanyi, katika siku zote alizoumba Mungu, mmechagua Jumamosi saa tisa kuhamisha mafuta kutoka tanki moja kwenda jingine. Jumapili mezani Vernon akamwambia, "Mwanangu, harusi inaweza kungoja. Mafuta yakingoja yanapotea." Marlys akaacha sahani yake, akaenda kujifungia chumbani. Mimi nimemngoja mtu huyu miaka ishirini na nane, mbona sijapotea?

Kwa hiyo naomba kwa heshima: ama msogeze kazi hadi siku nyingine, ama mniletee tanki moja nilivalishe tai, limpeleke Marlys madhabahuni. Yote yakishindikana, mrusheni Vernon akakae na mafuta yake huko huko. Chakula nitamfungashia.

Nisalimie wote wa zamu, na mkeo pia, maskini, ambaye simjui lakini namwelewa.

Ni mimi, niliyebakiwa na subira kiduchu,
Loretta Tolliver

N.B. Nilikuwa naipeleka barua hii posta. Nikawasha gari: tanki limejaa mpaka juu! Kwenye usukani kuna kikaratasi: "Nimeomba ruhusa, Strickland alikubali tangu Jumatatu. Jumamosi nipo. Mafuta yatangoja." Nimelia peke yangu humo garini kama mtoto. Basi futa yote niliyosema, isipokuwa la friji. Barua naituma tu kwa sababu stempu nimeshaibandika.

Na Jumamosi saa tisa simu ya Vernon itakuwa ndani ya mkoba wangu. Usipige.