Mtihani wa Ajda na Mizinga Yangu

Jumatatu, 9 Juni
Ijumaa ndiyo mtihani! Sheria ya Slovenia inaniruhusu kumfundisha binti yangu Ajda nyumbani, lakini kila Juni shule humpima. Akifeli, anarudia Agosti. Akifeli tena, Septemba anakwenda shule na mimi nabaki na nyuki tu. Mama mkwe, mwalimu mstaafu, alimuuliza Ajda saba mara nane. Ajda akamweleza jinsi malkia wa nyuki anavyotaga. Akaniambia mtoto huyu anajua kila kitu isipokuwa kinachoulizwa. Mchokozi!

Jumanne, 10 Juni
Nimepata dawa. Mbao za mbele za mizinga, zenye picha za watakatifu na wawindaji alizochora babu, nimezipaka chokaa nyeupe na kuandika hesabu za kuzidisha. Ajda hupita hapo kila asubuhi. Zitamwingia zenyewe! Mke wangu Zdenka akauliza kama nyuki nao wanajua hesabu. Nikacheka.

Jumatano, 11 Juni
Balaa! Nyuki hutambua nyumba yao kwa picha ya mlangoni. Sasa milango yote imefanana. Wanaingia mizinga isiyo yao, wanauana. Nimeumwa kope. Jirani Štefan akapaza sauti uani: vipi, bwana, darasa limegoma?

Alhamisi, 12 Juni
Nilimpelekea Mwalimu Rozman, mtahini, chupa ya asali. Akanirudishia getini. Alisema anayetahiniwa ni mtoto, mimi niende nikatibiwe jicho. Aibu! Nyumbani, mama mkwe amejifungia jikoni na Ajda na bakuli la maharagwe, wanahesabu na kucheka. Mwaka mzima sijamchekesha hivyo. Imeniuma kuliko nyuki.

Ijumaa, 13 Juni
Nilingoja koridoni shuleni, jicho moja limefumba. AMEFAULU! Nikalia. Mwalimu akamuuliza nani kamfundisha. Bibi, akajibu. Njiani Ajda akasema ameona ndara za wanafunzi za kuvaa darasani zimepangwa chini ya makoti, kila jozi na jina la mwenyewe, ila yeye hana. Akaniomba Septemba aende. Nikamwambia baba atafikiria.

Jumamosi, 14 Juni
Nimefikiria hadi alfajiri. Mtoto ana haki, na kosa ni langu. Nimekwenda mjini asubuhi, nimenunua jozi ishirini za ndara. Nimeziandika majina ya watoto niliyoyabuni, nimezipanga koridoni kwetu. Za Ajda ziko katikati. Sasa hana sababu ya kwenda popote.