Kinyozi na Matundu ya Injini

Jumapili, 4 Mei

Aibu ya mwaka. Gari letu limegoma tena kwenye kilima. Abiria watatu tu, tena wembamba. Mama mkwe akafungua mlango polepole, akasema anataka kunyoosha miguu. Akatembea. Tulipofika kwake juu alikuwa ameshavua viatu na anakunywa maji. Shemeji, kaka wa mke wangu, alikuwa kibarazani akipangusa gari lake ambalo halikuwa hata na chembe ya vumbi. Akauliza kama tumeamua kuja kwa awamu. Watu wakacheka. Hata mke wangu, ingawa alijifanya anakohoa.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ya tarehe kumi na saba mdogo wake mke wangu anaolewa, kwenye ukumbi ulio juu kabisa ya kilima hicho hicho. Mama wa bibi harusi lazima afikishwe kwa heshima. Shemeji akasema atampeleka yeye. Nikasema mimi ndiye mkwe mkubwa, kazi hiyo ni yangu. Mdomo uliponza kichwa! Mama mkwe akasema sawa, atapanda langu. Akauliza tu kama avae viatu vya kutembelea.

Jumatatu, 5 Mei

Nimepeleka gari kwa fundi wetu, anayeitwa Taratibu kwa sababu zinazojulikana. Akasikiliza injini, akasema imechoka. Ringi za pistoni zimelika, valvu hazifungi. Atatia ringi mpya, valvu atazisaga, gasketi mpya, basi. Nikamuuliza habari ya kupanua matundu ya silinda hedi, yaani kichwa cha injini, yale ambayo hewa huingilia na moshi hutokea. Nimeona video tatu. Hewa nyingi, nguvu nyingi. Nani hajui? Akasema waliotengeneza gari hawakuwa wajinga. Woga huo.

Nikajifanya nimekubali. Nikaomba nichukue hedi nikaikwangue masizi mwenyewe, ili gharama ipungue, maana utupu wa mfuko wetu si siri. Akaridhia. Mimi ni kinyozi. Vichwa vya binadamu vimepita mikononi mwangu bila idadi, vingine vya watoto wanaorusha mateke. Kichwa cha chuma, tena kimetulia, kitanishinda nini?

Jumatano, 7 Mei

Hedi imelala kwenye meza ya saluni, kati ya poda na taulo. Nilianza na mashine ya kunyolea niliyoifunga kipande cha msasa. Mashine ni marehemu. Nikaazima drili kwa seremala wa jirani, nikamwambia natundika rafu. Kazi inakwenda! Tundu la kwanza linang'aa mpaka naona pua yangu ndani. Vumbi la chuma nililipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, likamwingia mteja kwenye kola. Mteja huyo huyo aliondoka amenyolewa ndevu upande mmoja, kisha akarudi kulalamika. Watu wa siku hizi hawana subira.

Ijumaa, 9 Mei

Video inasema matundu yote lazima yalingane, na umbo la ndani hupimwa kwa mpira laini. Mpira laini sina. Lakini mke wangu hupika mikate ya kuuza, na jikoni kulikuwa na donge la unga alilolikanda kwa ajili ya kesho. Nikakata kipande, nikakishindilia kwenye tundu, nikakivuta. Umbo safi kabisa. Tatizo: tundu la pili ni dogo kuliko la kwanza. Nikaongeza la pili. Likalipita la kwanza. Nikaongeza la kwanza. Hapo la tatu na la nne yakaonekana yamedhulumiwa, nikayaongeza nayo. Ndivyo tufanyavyo na ndevu za pembeni: unapunguza kushoto, unapunguza kulia, mpaka zikubaliane. Njia hiyo haijawahi kunitupa.

Mke wangu ameuliza kwa nini donge lake limepungua. Nimemlaumu panya. Amesema panya wa nyumba hii ana alama za vidole.

Jumapili, 11 Mei

Balaa. Nikiwa nasawazisha tundu la nne, drili ilizama ghafla. Nikachungulia. Upande wa pili nikaiona njia ya maji ya kupozea injini. Hewa na maji havipaswi kukutana humo, hata mimi najua. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikijitazama kwenye kioo. Makosa yetu vinyozi husamehewa na wiki mbili, kwa sababu nywele huota. Chuma hakioti. Niliogopa kweli. Si fundi niliyemwogopa, ni mke wangu, maana gari hilo ndilo linalosambaza mikate yake.

Mara shemeji akaingia kunyolewa. Nikatupia hedi taulo. Akauliza maendeleo. Nikamwambia atafute miwani ya vumbi, kwa kuwa siku hiyo atakuwa nyuma yangu. Akasema nisione haya, hata kinyozi hajinyoi; nikikwama nimwambie, atampeleka mama yake. Wembe ulikuwa mkononi mwangu. Nastahili pongezi kwa utulivu niliouonyesha.

Alipoondoka nikaliziba tundu kwa gundi ya chuma, nikalilainisha, nikapaka masizi juu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwanaharamu mwenyewe ni fundi Taratibu, Mungu anisamehe.

Jumanne, 13 Mei

Fundi aliitazama hedi kwa muda mrefu. Akauliza kama nilikwangua masizi tu. Nikasema hasa masizi. Akaingiza kidole kwenye tundu moja, akatoa kipande cha unga mkavu, akakiweka kiganjani mwangu. Kisha akaendelea kufunga.

Jioni injini ikawaka. Sauti nzito, ya heshima! Tukapanda kilima kwa gia ya tatu. Nikapiga honi mbele ya nyumba ya mama mkwe bila sababu yoyote. Fundi anasema ni ringi na valvu. Aseme.

Alhamisi, 15 Mei

Gari linakunywa maji. Asubuhi natia, jioni natia. Nyuma linatoa moshi mweupe. Mke wangu anasema lina kiu kuliko yeye alipokuwa mjamzito. Nimeweka dumu la maji kwenye buti. Fundi ameuona moshi, anataka kufungua injini. Nikamwambia baada ya harusi. Akaniuliza kama kuna jambo ningependa kumweleza. Nikamwambia nywele zake zimekuwa ndefu.

Jumamosi, 17 Mei

Siku yenyewe. Mama mkwe mbele, amependeza, mkoba mapajani. Mke wangu nyuma. Tukaanza kipande cha kilima kilichobaki juu ya nyumba yake. Mbele yetu shemeji, amebeba mashangazi. Nikakanyaga mafuta. Tukamkaribia. Tukalingana. Tukampita! Nilimwona usoni. Nikifa leo nimeshaishi.

Kisha mlio ndani ya injini, kama mtu anayepaliwa. Moshi mweupe ukafunika barabara. Kimya. Tumesimama pale ambapo geti la ukumbi linaonekana.

Shemeji akashuka, akaja kumfungulia mama yake mlango, akamkaribisha kwenye gari linalotembea. Nikatazama usukani. Nilitamani ardhi ipasuke. Mama mkwe akamwambia mwanawe kwamba ametoka nyumbani na mkwe wake na atafika na mkwe wake. Kama anataka kusaidia, atafute kamba. Hakunitazama. Macho yangu yalijaa machozi nikasingizia moshi.

Tukavutwa hadi ukumbini. Mama mkwe akashuka kwa madaha, watu wakapiga vigelegele. Kwa hiyo nimemfikisha. Shemeji alitutangulia kwa urefu wa kamba tu.

Usiku nilimweleza mke wangu yote, pamoja na panya. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Jumatatu, 19 Mei

Fundi amefungua injini. Gundi ilikwishasafiri zamani. Amepata hedi nyingine kwenye gari lililokufa, ataifunga mwenyewe, na amenikataza kusogea karibu. Mke wangu amenipeleka kwa mama yake. Mbele ya mama mkwe nimeapa kwamba sitagusa tena hedi ya gari letu. Nimeapa kwa moyo mweupe. Mikate, wiki hii naisambaza kwa miguu.

Jioni shemeji ameingia saluni kwa mlango wa nyuma. Nilidhani amekuja kunicheka. Akavuta kiti, akazungumza kwa sauti ya chini. Akasema tangu Jumamosi halali. Gari lake ni jipya kuliko langu, na nililipita hali langu limebeba mama yake na dumu la maji. Akauliza kama naweza kumpanulia na lake, ila mama asijue.

Nikafikiria kiapo changu kwa makini. Gari lake si gari letu. Nimemwambia alete hedi Jumatano.

Kosa nimeshaligundua. Drili ya seremala ilikuwa ndogo.